SAFARI NA MTOTO MCHANGA: NDEGE AO BARABARA?



Kila mwaka wakati wa konje unapokaribia, wazazi hufika kwenye dispanseri na swali lilelile. Baba amepewa siku zake za mapumziko. Nyumbani kuna mtoto mchanga ambaye babu na bibi zake wa Kindu, Kalemie, Lubumbashi ao Kinshasa hawajamwona bado. Ao simu imeleta habari ya matanga, na jamaa wanangoja. Baba anauliza: “Muganga, tupande ndege ao tupite barabara?” Naye mama anasimama nyuma na mtoto mgongoni, na mara nyingi hakuna aliyemwuliza neno.

Swali hili si dogo. Mtu mzima akikosea njia atachoka, atapoteza pesa, atafika na vumbi kichwani, basi. Mtoto wa miezi miwili akikoseshwa njia anaweza kufa. Ndiyo sababu naomba nafasi katika ukurasa huu wa usalama na afya nitoe mawazo yangu, mimi msaidizi wa mganga ambaye kazi yangu ni kuwapokea watoto hao wanapoondoka, na kuwapokea tena wanaporudi.

Mawazo yangu kwa ufupi ni haya. Usianze na bei ya tiketi, wala usianze na kilomita. Anza na mtoto mwenyewe: ni mzima ao ni mgonjwa? Kisha hesabu usiku: atalala njiani mara ngapi kabla ya kufika? Halafu hesabu mahali pa msaada: homa ikimshika katikati ya safari, dispanseri ao hospitali ya karibu iko wapi? Ukisha kupata majibu ya maswali hayo matatu, ndipo uulize bei. Baba wengi wanafanya kinyume: wanauliza bei kwanza, na mtoto anakuja mwisho kama mzigo mdogo usiolipiwa.

USIKU NDIO KIPIMO

Kutoka Kasongo mpaka Kindu ni karibu kilomita 240. Mtu wa nchi ya lami atasema hiyo ni safari ya asubuhi moja. Sisi tunajua mambo ni mengine. Wakati wa jua, gari zuri lenye shofa mwenye akili linaweza kutoka alfajiri na kufika jioni. Wakati wa mvua, kamyo lililojaa mizigo linaweza kukwama kwenye matope, na abiria wakalala kando ya barabara siku mbili ao tatu wakingojea kuvutwa. Kilomita ni zilezile, lakini kwa mtoto safari hizi mbili hazifanani hata kidogo.

Kwa nini nahesabu usiku? Kwa sababu kila usiku wa njiani una maadui wanne wanaomtafuta mtoto mchanga. Wa kwanza ni mbu. Kasongo na Kabambare ni nchi ya malaria mwaka mzima, na mtoto aliyezaliwa mahali pa baridi juu milimani, akiletwa huku chini, mwili wake haujazoea malaria hata kidogo. Wa pili ni baridi ya alfajiri, hasa nguo zikiwa zimelowa mvua. Wa tatu ni maji machafu. Kipindupindu kinarudi mara kwa mara katika vijiji na miji iliyo kando ya Lualaba na ziwa Tanganyika, na kikombe kimoja cha maji ya mto kinatosha kuleta msiba. Wa nne ni uchovu wa mama. Mama asiyekula, asiyekunywa, asiyelala, hawezi kunyonyesha vizuri, na hapo mtoto amepoteza chakula chake na dawa yake kwa mara moja.

Watu wa ndege watanijibu: “Lakini sisi tunaruka saa moja tu!” Ni kweli, ndege ikisha kuruka. Lakini hesabu ya haki inaanza mlangoni kwako na kuishia mlangoni kwa jamaa zako. Ndege iliyotangazwa Jumatatu inaweza kufika Alhamisi. Ukingojea kwa shemeji yako, penye chandarua, jiko na maji ya kuchemsha, usiku huo si mbaya. Ukingojea kwenye baraza karibu na kiwanja, usiku huo ni sawa na wa kamyo. Uandike katika hesabu yako.

NDEGE: MEMA YAKE NA HATARI ZAKE

Swali letu hili liliwahi kubishaniwa Marekani mbele ya wakubwa wa serikali, na ni vizuri tulijue shauri hilo. Tarehe 19 mwezi wa 7 mwaka 1989, ndege kubwa ya aina ya DC-10 ya kampuni United Airlines ilianguka mjini Sioux City. Ilikuwa imebeba watu 296, nao 112 wakafa. Ndani yake mlikuwa na watoto wadogo wanne ambao hawakuwa na viti vyao. Walipakatwa na wazazi. Ndege ilipokaribia kuanguka, wazazi waliambiwa wawalaze watoto sakafuni na kuwashika kwa nguvu. Kishindo kilipokuja, mikono haikuweza. Mtoto mmoja kati ya wale wanne alikufa.

Jan Brown, aliyekuwa mkuu wa wahudumu katika ndege ile, aliokoka, na kwa miaka mingi akapigania sheria kwamba kila mtoto awe na kiti chake na mkanda wake. Wachunguzi wa ajali wa nchi ile walikubaliana naye. Lakini wakubwa wa usafiri wa anga walikataa kuweka sheria hiyo, na mwaka 2005 walikataa tena. Sababu yao ilikuwa hii: wazazi wakilazimishwa kumnunulia mtoto tiketi nzima, wengine wataacha ndege na kupita barabara kwa gari, na huko barabarani watakufa watoto wengi kuliko wale ambao mkanda wa ndege ungewaokoa.

Shauri hilo linatufundisha mambo mawili. La kwanza, ndege kubwa yenye ratiba na matengenezo mazuri ni salama kuliko gari. La pili, mikono ya mzazi si mkanda, hata mzazi awe na nguvu za mchimba mawe. Lakini tusichukue hesabu ya Marekani tukaibandika kwenye viwanja vyetu vya udongo. Hesabu yao ni ya ndege zao na barabara zao.

Kwetu lazima tuseme ukweli. Mwaka 2006 Umoja wa Ulaya ulianza kuzikataza kampuni za ndege zilizoandikishwa Kongo zisiruke katika anga yake, kwa sababu ya mashaka juu ya usalama, na katazo hilo likaendelea. Tarehe 24 mwezi wa 11 mwaka 2019, ndege ndogo ya abiria ilianguka juu ya nyumba za watu mara baada ya kuruka kutoka Goma, na watu zaidi ya 20 wakafa, wa ndani ya ndege na wa chini. Tena mwaka 2010, ndege ndogo ya aina ya LET-410 ilianguka Bandundu na kuua watu 20. Baadaye ilisimuliwa kwamba abiria mmoja alikuwa ameficha mamba ndani ya mfuko. Mamba akatoka, watu wakakimbilia mbele kwa woga, ndege ikapoteza mizani. Wengi walicheka waliposikia habari hiyo. Mimi sikucheka, kwa sababu nimeona mbuzi, kuku na madumu ya mafuta ya mawese yakiingizwa katika ndege ndogo miguuni pa akina mama wenye watoto.

Kwa hiyo nasema: ndege, ndiyo, lakini siyo kila ndege. Kabla ya kupanda na mtoto, tazama mambo haya kwa macho yako mwenyewe. Je, watu na mizigo wanapimwa kwenye kilo? Je, kila abiria ana kiti kilichofungwa sakafuni, na mkanda unaofunga? Je, mizigo imefungwa kwa wavu, ao imetupwa tu nyuma yako? Je, hali ya hewa inaonyesha mvua ya radi, na rubani anasukumwa na wakubwa wa mizigo aondoke upesi? Jibu baya moja linatosha kukurudisha nyumbani. Pesa ya tiketi itatafutwa tena.

Ukisha kupanda, omba mkanda mdogo wa mtoto, ule unaopitishwa katika mkanda wa mama. Kama haupo, jifunge wewe mwenyewe kwanza, kisha mshike mtoto juu ya mkanda wako. Usimfunge mtoto pamoja nawe ndani ya mkanda mmoja, kwa kuwa kishindo kikija, uzito wako wote utambana tumboni.

Tuje kwa hewa. Ndege kubwa za abiria zina mashini ya kutunza hewa ndani, na hata hivyo hewa ile ni nyepesi kidogo, kama ya mtu aliyesimama mlimani kwenye meta 1,800 mpaka 2,400. Ndege ndogo nyingi hazina mashini hiyo. Rubani akipanda meta 3,000, mtoto naye anavuta hewa ya meta 3,000, kama vile amebebwa juu ya milima ya Itombwe kwa dakika chache. Mtoto mzima huvumilia. Mtoto mwenye kichomi, mwenye upungufu mkubwa wa damu ao mwenye ugonjwa wa moyo anaweza kushindwa kupumua huko juu, na huko hakuna mganga.

Masikio pia huuma, zaidi ndege inaposhuka. Dawa yake mama anayo kifuani: mnyonyeshe mtoto ndege inapoanza kushuka, ili ameze mate na masikio yafunguke. Mtoto mwenye mafua makali ao sikio linalotoa usaha angoje mpaka apone.

Kwa mtoto aliyetoka kuzaliwa, Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, halishauri kumpandisha ndege kabla ya saa 48, na ni vizuri angoje angalau siku saba. Huo ni mpaka wa chini kabisa. Mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi yake ni shauri la mganga, si la jamaa.

BARABARA: NANI NA WAPI UMEKAA

Watu wakisema “barabara” wanachanganya vitu vitatu ambavyo havifanani: kukaa ndani ya gari, kukaa juu ya mzigo wa kamyo, na kupanda pikipiki.

Ndani ya gari, mama na mtoto wakae kiti cha nyuma, wala siyo mbele karibu na kioo. Panapopatikana kiti cha mtoto kinachotazama nyuma, kitumike. Kiti hicho, kikifungwa sawasawa, kinapunguza vifo vya watoto wachanga kwa zaidi ya nusu ajali ikitokea. Shofa asimame kila baada ya saa mbili ili mtoto atolewe, abadilishwe nguo, anyonyeshwe katika kivuli. Gari likisimama juani, mtoto asiachwe ndani hata dakika tano, kwa maana ndani ya gari lililofungwa joto linapanda upesi kuliko tunavyofikiri.

Juu ya mzigo wa kamyo mtoto hana nafasi kabisa. Jua, mvua, matawi ya miti, na shimo moja la barabara linatosha kumrusha mama pamoja na mtoto. Kama nafasi ya kabini imekwisha kuuzwa kwa mfanya biashara, basi kamyo hilo si lako. Ngoja lingine.

Na pikipiki? Najua ndiyo inayotuvusha kila siku. Kutoka kambini mpaka sokoni, sawa, polepole. Lakini safari ya kutwa nzima, baba mbele, mama nyuma, mtoto katikati ndani ya kitenge, mimi naikataa. Mtoto akibanwa kati ya migongo miwili anaweza kukosa pumzi bila mama kusikia, kwa ajili ya kelele ya mashini. Shingo yake bado laini. Hakuna kofia ya chuma inayomfaa. Tena mama anafikiri mtoto amelala vizuri, kumbe amelegea kwa joto na kiu. Nimepokea kwenye dispanseri mtoto wa miezi minne aliyepita siku mbili namna hiyo: macho yameingia ndani, mdomo umekauka, hana machozi. Alipona kwa sababu hospitali ilikuwa karibu. Kama ilikuwa mbali, sijui tungesema nini kwa bibi yake.

Mto nao ni barabara. Anayekwenda Kindu kwa ng'ambo ya Alunguli bado ana Lualaba ya kuvuka. Katika mtumbwi ao kivuko, mama amfungue mtoto kutoka mgongoni na kumshika mbele. Mtumbwi ukipinduka, mtoto aliyefungwa mgongoni anazama kichwa chini. Usipande mtumbwi uliojaa, wala usivuke usiku.

Wako pia wanaovuka mto kwenda kushika gari moshi ya Samba, njia ya Kongolo, Kabalo na Kamina mpaka Lubumbashi. Reli hiyo ni ndefu na gari moshi haiji kila siku. Inafaa kwa anayejua siku yake, aliye na nafasi ya kulala na chakula cha kutosha. Kwa mtoto wa wiki chache, usiku ni mwingi mno.

Sasa neno juu ya amani. Hatuwezi kuandika juu ya barabara za Kabambare na kunyamaza. Mwaka 2017 wafanyakazi watano wa mgodi wa Namoya walitekwa na watu wenye silaha, na mwaka 2019 kazi ya mgodi ule ilisimamishwa kwa sababu ya ukosefu wa usalama. Tena mwaka 2025 vita ilipofika Goma mwezi wa 1 na uwanja wa Kavumu mwezi wa 2, ndege za abiria za kule zilikatika, na familia nyingi zilizozoea njia ya Bukavu zikabaki zimekatwa na jamaa zao. Kwa hiyo kabla ya kuondoka, uliza habari za njia siku ileile, kwa watu waliotoka huko jana. Usitegemee habari za mwezi uliopita. Barabara yenye mashaka usiipite na mtoto kwa ajili ya karamu. Hata kwa ajili ya matanga. Marehemu ametutangulia, hatafurahi tukimpelekea mtoto.

MTOTO GANI ABAKI NYUMBANI

Hapa ndipo ninaposhindana na wazazi mara nyingi, na sitarudi nyuma.

Mtoto ambaye hajafikisha wiki sita asifanye safari ndefu, ila akiwa anapelekwa hospitali. Mama yake pia bado anapona, damu na homa za baada ya kuzaa zinaweza kumrudia njiani. Kwenye wiki ya 6, ya 10 na ya 14 mtoto hupata chanjo zake kubwa. Mkiweza kungoja mpaka ile ya wiki ya 14, mtakuwa mmempa koti zuri la safari. Kwenye miezi tisa anapata chanjo ya surua na ya homa ya manjano. Msidharau surua. Katika mlipuko uliotikisa nchi yetu, mpaka mwanzo wa mwaka 2020 watu zaidi ya 6,000 walikuwa wamekufa, wengi wao watoto, na ugonjwa huo unapenda gari lililojaa watu kuliko mahali pengine popote. Sisi watu wa Kasongo hatupaswi kufundishwa jambo hili na wageni. Ni hapa kwetu, katika miaka ya 1970, waganga walifuata watoto wa Kasongo kuona chanjo ya surua inasaidia namna gani, na habari zao zikachapishwa Ulaya mwaka 1981 na kusomwa na waganga wa ulimwengu.

Mtoto mwenye ugonjwa wa damu wa SS asisafiri bila kuonwa na mganga. Baridi, kiu na hewa nyepesi ni vitu vitatu vinavyomwamshia maumivu.

Na mtoto mgonjwa? Wazazi wengine wanafikiri: “Amezidiwa, tumpandishe ndege twende mji mkubwa.” Hapana! Mtoto aliyezidiwa apelekwe kwanza hospitali ya karibu, Kasongo ao Kabambare, apewe sindano ya kwanza, maji, ao damu. Kama mganga wa hospitali akiona lazima aende mbali, ataandika barua na kusema njia gani. Dalili hizi zikionekana, safari imekwisha na hospitali imeanza: mtoto hawezi kunyonya, anatapika kila kitu, ana degedege, amelegea, haamki, mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi. Hesabu pumzi zake kwa saa yako ya mkono dakika nzima, akiwa ametulia. Pumzi 60 ao zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, ao 50 ao zaidi kwa mtoto wa miezi miwili mpaka mwaka mmoja, ni alama ya hatari. Na mtoto wa chini ya miezi miwili mwenye homa, hata kama ananyonya, apelekwe saa ileile.

MFUKO WA MTOTO

Kama mmeamua kwenda, mfuko wa mtoto uwe juu, wala usifungwe chini ya magunia. Mtie chandarua chenye dawa, kitenge kikavu cha pili na cha tatu, nguo ya baridi, sabuni, karata yake ya chanjo, dawa ya homa ya watoto kwa kipimo alichoandikiwa kwa kilo zake, na pakiti mbili za dawa ya maji ya kuhara. Kama pakiti hakuna: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo sita vya sukari visivyojaa kupita kiasi, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Mtoto wa chini ya miezi sita anyonye tu. Hata jua likiwa kali hahitaji maji mengine, anahitaji kunyonya mara nyingi zaidi. Anayehitaji maji ya kunywa ni mama: abebe yake ya kuchemsha, na chakula chake, asingoje kuuziwa njiani.

Neno moja la kukataza. Wengine humpa mtoto dawa ya kikohozi ao prometazine ili alale safari nzima asiwasumbue abiria. Dawa hiyo haifai kwa mtoto wa chini ya miaka miwili. Inaweza kuzima pumzi zake akiwa amelala, na ninyi mkamsifu kwamba ametulia. Acha alie. Abiria watavumilia, nao walilia zamani.

NENO KWA BABA, NA OMBI KWA WAKUBWA

Baba, wewe ndiye mwenye mshahara, lakini mama ndiye mwenye maziwa. Msipoamua wawili, mmeamua nusu. Kama safari ni yako ya lazima, nenda peke yako. Chukua picha ya mtoto, mwonyeshe bibi yake, mwambie atakuja wakati wa jua akiwa na meno mawili. Hakuna aibu hapo. Najua maneno ya jamaa: “Anatuficha mtoto.” Wajibu kwamba mganga amekataza. Mimi nakubali kubeba lawama hiyo, niletee mimi.

Kwa wakubwa wa kazi ninaomba mambo mawili tu, kwa heshima. Konje ya mfanyakazi mwenye mtoto mchanga iweze kusogezwa mpaka wakati wa jua, ao mpaka chanjo ya wiki ya 14 imekwisha. Na gari la kazi linapokwenda Kindu na nafasi ikabaki ndani, mama mwenye mtoto apewe nafasi hiyo kabla ya mizigo ya watu. Machimboni tunasimamisha mashini nzima kwa ajili ya bolti moja iliyolegea. Mtoto naye anastahili uangalizi huo.

Nikifunga: mtoto mzima, aliyepita wiki sita na kupata chanjo zake, na ndege nzuri ipo, apande ndege, kwa sababu usiku wa njiani unapungua. Ndege ikiwa ya mashaka, apite barabara ndani ya gari, mchana, kwa vituo, mkilala kwa jamaa karibu na dispanseri. Juu ya kamyo na pikipiki ya mbali, hapana. Mtoto mgonjwa, hospitali ya karibu. Na panapokosekana njia njema, abaki nyumbani. Wahenga walisema: Kawia ufike.

Kabla ya kulipa tiketi, leteni mtoto kwenye dispanseri siku tatu mbele, baba na mama pamoja. Tutampima kilo, tutamsikiliza kifua, tutatazama karata yake, na tutahesabu usiku pamoja nanyi. Haichukui hata nusu saa.